Mtoto Asiyeitika Jina Lake

Wewe uliye jikoni ukichemsha chai, wewe uliye safarini kwenda kazini, na wewe mgonjwa uliyelala na redio yako kando ya kitanda, karibu tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Neno letu la leo linatoka katika Injili ya Yohana, sura ya 9. Kama Biblia yako iko karibu, ifungue. Kama haiko, sikiliza tu, nitakusimulia kwa maneno yangu. Bwana Yesu alikuwa akipita njiani pamoja na wanafunzi wake, wakamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi hawakumwuliza jina lake, wala hawakumwuliza kama amekula. Walimgeukia Bwana wakauliza jambo moja tu: kosa hili ni la nani, ni lake au ni la wazazi wake? Nao waliuliza hayo mbele yake akisikia, maana mtu yule alikuwa kipofu, hakuwa kiziwi. Bwana akawajibu kwa ufupi kwamba kosa halikuwa lake wala halikuwa la wazazi wake.

Ndugu zangu, swali lile la wanafunzi bado linaulizwa katika vijiji vyetu na katika mitaa yetu, tena linaulizwa hata kwenye mabenchi ya kanisa. Nami kabla sijaenda mbali, yafaa niwaambie jambo nililolifanya mimi mwenyewe.

Mwaka 2009 nilikuwa nimepewa parishi yangu ya kwanza. Nilikuwa nimetoka chuo cha theolojia, kola yangu ikiwa bado mpya, na nilidhani najua mambo mengi. Jumapili moja tulikuwa na ibada ya kipaimara, na Askofu alikuwa nasi. Mnajua jinsi parishi inavyohangaika siku kama hiyo. Tulikuwa tumepaka rangi ukuta, tumekodi kipaza sauti kikubwa, na Chama cha Akina Mama walikuwa wamepika tangu usiku. Katikati ya ibada kipaza sauti kikalia, mlio ule mkali unaopenya mpaka kwenye meno. Mtoto mmoja wa kiume, labda wa miaka saba, akaziba masikio yake akaanza kupiga mayowe. Hakunyamaza. Alijitupa chini, akapiga kichwa chake kwenye benchi. Mama yake alimshika, akamfunika kwa leso, akamwimbia sikioni. Mtoto akazidi.

Nilimtazama Askofu, nikaona haya. Nikampungia mkono mzee wa kanisa, ishara ile ambayo kila mtu anaielewa: watoeni nje. Mama yule akamwinua mtoto, ambaye alikuwa mzito sasa kwa kubebwa, akapita naye katikati ya watu wote, na watu wote wakageuza shingo. Baada ya ibada tulikuta kiatu kimoja cha mtoto chini ya benchi. Nikakiweka vestri, nikisema atakuja kukichukua. Hakuja. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nami sikwenda kumwona. Nilijiambia kwamba nina shughuli.

Miaka mitano baadaye nilikuwa parishi nyingine, na mmoja wa waumini wangu alikuwa mwalimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum katika shule ya msingi iliyo jirani. Siku moja, tukinywa chai, nikamsimulia habari ile, tena kwa kicheko kidogo, kama mtu asimuliavyo vituko vya ujana. Yeye hakucheka. Akaweka kikombe chini akasema, "Pasta, mtoto yule hakukosa adabu. Aliumia. Mlio ule kwako ni kero, kwake ni kama kumwagiwa maji ya moto." Kisha akaniuliza maswali. Je, alikuwa akiitika jina lake? Je, alikuwa akikutazama machoni? Nilikumbuka kwamba mama yake alikuwa akimwita mara tano, mara sita, naye akizungusha kifuniko cha soda sakafuni kana kwamba hapana mtu aliyesema neno. Watu walisema ni kiburi. Wengine walisema ni pepo bubu. Mwalimu akasema, "Huenda ulikuwa usonji."

Basi usonji ni nini? Wengine huuita otizimu. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu. Ni hali ambayo ubongo wa mtoto umekua kwa njia iliyo tofauti na ya wengi, na tofauti hiyo huanza mapema sana, kabla mtoto hajazaliwa. Huwezi kuiona usoni. Mtoto anaweza kuwa mzuri wa sura, mwenye afya, ametembea kwa wakati wake, na bado kufika mwaka mmoja haitiki jina, hakuonyeshi kitu kwa kidole ili mkitazame pamoja. Wengine huanza kusema maneno machache, kisha maneno yale hupotea. Wengine hurudia tu yale waliyoyasikia; ukimwuliza, "Unataka maji?" naye hujibu, "Unataka maji?" Wapo wanaopanga vitu kwa mstari siku nzima, na ukisogeza kimoja tu hulia kana kwamba nyumba imeanguka. Wapo wanaokula ugali lakini si ugali uliogusana na sukuma wiki. Mama humwona kama mtoto wa kudeka. Sivyo. Kwake dunia ina kelele nyingi na mambo mengi yasiyo na mpango, naye anatafuta mahali penye utaratibu asimame.

Lakini wasifanane wote katika fikira zetu. Yuko asiyesema neno maisha yake yote na anayehitaji kuvishwa na kulishwa hata akiwa mtu mzima. Yuko anayesema vizuri, akapita mitihani, akaajiriwa, naye hajui kwa nini watu humkasirikia. Wengi pia wana kifafa pamoja na usonji, na hao wahitaji dawa za kifafa kutoka hospitali. Wavulana hutambuliwa zaidi kuliko wasichana, ingawa siku hizi wataalamu wanaona kwamba wasichana wengi walipitwa kwa sababu ni hodari wa kuigiza wenzao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na hali hii. Nenda kahesabu watu wa kanisa lako. Kama ni 400, yafaa wawepo kama watatu. Ikiwa huwaoni, jiulize wako wapi Jumapili asubuhi, na nani amebaki nyumbani kuwalinda.

Sasa nirudi kwenye swali la kosa ni la nani, maana hapo ndipo akina mama wengi wanapoumizwa. Hapa kwetu mama huambiwa amerogwa, au alidharau wazee wa ukoo wa mumewe, au alifanya dhambi akiwa na mimba. Baba wengine huondoka. Nawajua. Lakini msidhani kwamba ni sisi peke yetu tuliokosea. Hata wenye elimu kubwa wamewahi kuanguka katika shimo lile lile. Mwaka 1943 daktari mmoja aitwaye Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, akaipa hali yao jina. Aliona vizuri mambo mengi. Lakini aliandika pia kwamba wazazi wa watoto wale walikuwa watu baridi, na baada yake wengine wakalishika neno hilo wakalikuza, mpaka ikasemwa kwamba mtoto huwa hivi kwa sababu mama yake hampendi. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alitoa kitabu kilicholieneza wazo hilo mbali sana. Fikirini, ndugu zangu! Mama ambaye hajalala miaka minne, anaambiwa na msomi kwamba shida ni upungufu wa upendo wake.

Kweli ilipatikana taratibu. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alikuwa tayari ameandika kuyapinga mawazo hayo. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, kule Uingereza, wakatoa uchunguzi wa jozi 21 za mapacha. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana, hapakuwa na jozi hata moja ya namna hiyo. Maana yake ni kwamba jambo hili kwa sehemu kubwa limo katika urithi wa damu, kama urefu na rangi ya macho, wala halitokani na malezi. Na hata chanjo zilisingiziwa. Mwaka 1998 daktari mmoja huko Uingereza aliandika akidokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huenda huleta usonji. Aliwatazama watoto 12 tu, na ilipochunguzwa kazi yake ilionekana si ya uaminifu. Mwaka 2010 jarida lililoichapisha likaifuta, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Lakini uvumi hauna breki. Mpaka leo namsikia mama akisema hatampeleka mtoto kliniki. Mama, mpeleke. Surua huua.

Katika wale watoto 11 wa daktari Kanner, wa kwanza aliitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Nataka mmjue, maana habari zake zimenisaidia kuliko vitabu vingi. Alizaliwa mwaka 1933. Alikuwa mtoto asiyejali kama mama yake yuko au ameondoka. Alizungusha vitu, aliimba, alihesabu. Madaktari wakawashauri wazazi wamwondoe nyumbani, naye kabla hajatimiza miaka minne akapelekwa kukaa katika taasisi. Huko alikaa kimya, amenywea. Baada ya mwaka mmoja wazazi wake wakaenda wakamtoa, ijapokuwa wakuu wa mahali pale waliwasihi wamwache. Baba yake akaketi akamwandikia Kanner barua ya kurasa 33.

Baadaye Donald aliishi miaka kadhaa na mkulima mmoja na mkewe, watu wa shamba wa kawaida, wasio na shahada yoyote ya mambo haya. Mwaka 1945 Kanner alikwenda kuwatembelea, akastaajabu. Mtoto alikuwa na tamaa ya kupima kila kitu, basi wakampa kazi ya kuchimba kisima, aseme kina chake kimefika wapi. Alikuwa akiokota ndege waliokufa, basi wakampa kipande cha ardhi awe anawazika na kuweka alama. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kukoma, basi wakampa farasi na jembe la kukokota, ahesabu mistari hiyo akiilima. Mbele ya macho ya Kanner alilima mistari sita mirefu, akimgeuza farasi kila mwisho wa mstari.

Mwaona? Hawakumwambia kwanza aache kuhesabu, ndipo awe mtu. Waliuliza, kuhesabu huku kwaweza kufaa wapi? Donald alisoma, akamaliza chuo mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mji wao, akajifunza kuendesha gari, akasafiri nchi nyingi. Jumapili alikuwa kanisani kwake, Presbiteri. Watu wa Forest walijua tabia zake, wakamlinda. Alifariki mwezi wa Juni mwaka 2023, akiwa na miaka 89. Ni kweli kwamba wazazi wake walikuwa na mali, na wengi wetu hatuna. Lakini mkulima yule hakutumia mali. Alitumia shamba lililokuwepo.

Labda mtu atauliza, "Pasta, je, tusiombe?" Tuombe, tena sana. Mimi huomba na wazazi hawa, na huweka mkono juu ya watoto, ila wale wasiopenda kuguswa, hao nawaombea nikiwa nimesimama mbali kidogo. Mungu hana shida na hatua tatu. Lakini nasema wazi: kumfunga mtoto kamba, kumnyima chakula siku tatu, kumchapa ili pepo atoke, hayo si maombi. Nimeona makovu. Na ukiambiwa kwamba kuna mafuta au chupa ya dawa inayoondoa usonji kwa shilingi elfu kadhaa, weka pesa zako mfukoni. Hali hii haina dawa ya kuiondoa. Kinachosaidia ni kufundishwa, mapema, kwa subira, na watu wanaomwelewa.

Ikiwa una mtoto kama huyo nyumbani, anza kwa kumpima masikio, maana huenda ni uziwi. Kisha nenda kwenye kituo cha serikali cha tathmini ya elimu, kile ambacho walimu hukiita EARC. Vilianzishwa nchini mwaka 1984, na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe anapaswa kujua kilipo. Mwaka 2003 wazazi wenyewe walianzisha chama chao, Autism Society of Kenya. Watafute. Mzazi mwenzako atakufundisha mambo ambayo mimi na kola yangu hatuwezi.

Na sisi wa kanisani? Katika parishi niliyopo sasa tuna kijana wa miaka kumi na minne. Husema maneno machache tu, lakini tarakimu anazipenda kupita chakula. Alipoanza kuja alikuwa akisimama mbele ya ubao wa namba za nyimbo, ibada nzima, akizigusa. Mzee mmoja alitaka kumwondoa. Nikakumbuka farasi na jembe. Tukamwambia mama yake amlete mapema, naye sasa ndiye anayepanga namba zile kila Jumapili. Mimi humpa karatasi, yeye hupanga. Mara moja niliandika vibaya, nikaweka namba ambayo haimo kitabuni. Alinirudishia karatasi bila neno. Akitaka kutoka nje hutoka, na hakuna anayegeuka. Kipaza sauti tumekipunguza. Wazee wawili wamelalamika kwamba hawasikii mahubiri, basi tumewaomba waketi mbele, mahali ambapo mabenchi huwa matupu siku zote. Na akina mama watatu wa Chama cha Akina Mama hupokezana kukaa na kijana huyo Jumatano alasiri, ili mama yake aende sokoni, au alale tu. Aliniambia kwamba mara ya kwanza alilala saa tatu mfululizo, akaamka akidhani mtu amekufa.

Sasa turudi kwa kipofu wa Yohana 9, maana habari yake haikuishia kwenye kufumbuliwa macho. Viongozi wa dini walimhoji, wakawahoji wazazi wake, nao wazazi waliogopa, maana walijua watu wa dini waweza kumtenga mtu. Mwisho wakamfukuza. Na hapo pana mstari ambao mimi siwezi kuusoma bila kusimama. Bwana Yesu alisikia kwamba amefukuzwa, akaenda akamtafuta mpaka akampata. Hakungoja arudi kuchukua kitu alichosahau.

Baada ya chai ile na mwalimu, nilisafiri kurudi katika parishi yangu ya kwanza nikaulizia. Chumba alichokuwa amepanga mama yule kilikuwa na watu wengine. Jirani akasema alihama, pengine kwa dada yake, hakujua ni wapi. Nimeulizia tena mara mbili tangu wakati huo. Yule mtoto sasa ni mtu mzima wa zaidi ya miaka ishirini.

Mama, kama unasikiliza redio asubuhi hii, mimi ndiye niliyepunga mkono. Nilikosa. Mtoto wako hakufanya kosa, wala wewe hukufanya. Sikuombi urudi katika kanisa lile kama moyo wako hautaki. Nakuomba unisamehe, na ukitaka kuja ulipo mimi, mlango u wazi na benchi la pembeni, karibu na mlango, ni lako na lake. Apige kelele akitaka.

Na tuombe.

Ee Bwana, wewe unayemjua kila mtoto kabla hajaitwa jina, tunawaleta mbele zako wale wasioitika. Wape usingizi mama zao usiku wa leo. Warudishe baba waliokimbia. Wape walimu wa vitengo vile mishahara yao kwa wakati, na subira. Utusamehe sisi tuliowatoa nje. Na yule mama na mwanawe, popote walipo, uwatafute wewe, maana mimi nilichelewa. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.